Meli moja, nchi nne: Hesabu saa kabla ya kuhesabu nchi

Familia moja ya Tanga ilidunduliza fedha kwa miaka mitatu kwa ajili ya safari moja. Baba alitaka watoto waone nchi nyingi kwa mkupuo. Mama alitaka jambo dogo zaidi: wanawe watatu wamshike mkono bibi yao anayeishi Matrah, Maskati, ambaye mpaka sasa wanamjua kwa simu tu.

Meli ya kitalii ilionekana kumaliza ubishi. Katika miezi ya baridi ya Ghuba, takriban Novemba hadi Machi, meli kubwa huondoka Dubai au Doha kwa safari za wiki moja, zikipita miji kama Abu Dhabi na Maskati. Familia hupanga nguo kabatini mara moja, hulala, na kuamka bandari nyingine.

Mezani zilibaki safari mbili. Ya kwanza ilipita nchi nne, kwa bei nafuu, na Maskati ilitia nanga saa mbili asubuhi na kuondoka saa kumi jioni. Ya pili ilikuwa ya nchi mbili tu, Falme za Kiarabu na Omani, lakini meli ililala Maskati usiku mmoja. Baba alichagua ya kwanza papo hapo.

Mama akachukua kalamu. Saa mbili hadi saa kumi ni saa nane, lakini kuna foleni ya kushuka, ukaguzi, na basi la kutoka gatini hadi getini. Kisha abiria hutakiwa kurudi melini mapema kabla ya kung'oa nanga. Zikabaki saa sita, na wali wa bibi haujapakuliwa. Tena anayechelewa akiwa kwenye matembezi yake binafsi, meli haimsubiri. Atajilipia nauli kuifuata bandari inayofuata.

Likaja suala la viza. Meli ikitoka Dubai kwenda Omani kisha ikarudi, abiria anahesabiwa ametoka na kuingia upya. Anayehitaji viza lazima aombe ya kuingia zaidi ya mara moja, na mtoto naye vilevile. Kila nchi ina masharti yake, na karatasi moja ikikosekana mtu anaweza kukataliwa kupanda meli siku ya safari. Nchi nne kwa watu watano ni kazi kubwa ya makaratasi.

Bei nafuu nayo ilikuwa na mkia. Kampuni nyingi hutangaza bei ya mtu mmoja kwa chumba cha watu wawili. Juu yake huja bakshishi ya kila siku kwa kila abiria, soda, intaneti na matembezi ya nchi kavu, bado tiketi za ndege na bima. Mama aliuliza pia mambo ambayo tangazo halisemi: nyama ni halali? Kasino na baa ziko mbali na eneo la watoto? Kitinda mimba ana mwaka mmoja na nusu, naye anaruhusiwa, kwani meli nyingi hupokea watoto kuanzia miezi sita. Hata hivyo, sehemu za kulelea watoto mara nyingi huanzia miaka mitatu. Mtu wa kubaki naye ni mzazi mwenyewe.

Maskati ina faida moja kwa mgeni wa meli: Bandari ya Sultan Qaboos iko Matrah penyewe. Ukitoka getini, barabara ya pwani inakufikisha kwenye soko la zamani lenye harufu ya ubani, penye halua na vitambaa. Mtu wa Tanga asishangae akijibiwa kwa Kiswahili. Familia nyingi zenye asili ya Omani zilihamia huko kutoka Zanzibar na mwambao, hasa baada ya Sultani Qaboos kushika madaraka mwaka 1970.

Hesabu zote hizo hazikumgeuza baba. Kilichomgeuza ni simu ya jioni ile, bibi alipopewa habari kwamba wajukuu wanakuja na meli. Hakuuliza nchi ngapi wala meli ina ghorofa ngapi.

"Mtalala," aliuliza, "au mnapita tu?"

Baba akachukua simu akajibu mwenyewe: "Tutalala, mama."

Asubuhi yake wakalipia arubuni ya meli ya nchi mbili.