Kumlinda Mlinzi

Msomaji kijana, kama umepata kucheza kandanda, bila shaka umemwona mlinzi ambaye kila mtu uwanjani anajua kuwa ni dhaifu. Wapinzani hawakawii kumtambua. Kila mpira hupelekwa upande wake, kama maji yatafutavyo ufa wa mtungi. Wenzake humpigia kelele, watazamaji humcheka, naye kwa hofu huzidi kukosea. Lakini kelele haijapata kuzuia bao hata moja.

Nafundisha katika shule iliyo kando ya barabara itokayo Busia kwenda Malaba, ambako malori hupanga foleni yakingoja kuvuka kwenda Uganda. Vijana wa mpakani huhamahama na biashara za wazazi wao. Msimu mmoja beki wetu wa kushoto, kijana mwenye mbio, alihamia Tororo na jamaa zake. Aliyeshika nafasi yake alikuwa mzito wa miguu, ingawa alikuwa hodari kwa kichwa na mtulivu wa akili. Baada ya mechi mbili aliniambia kwamba anataka kuacha kucheza. Shule ndogo haina soko la kununulia wachezaji. Hutumia ilio nao. Kwa hiyo tulibadili mpango, tusimbadili mtu.

Kwanza, beki yule aliagizwa asivuke mstari wa katikati. Kupanda mbele kukawa kazi ya beki wa kulia. Pili, safu nzima ya ulinzi ilirudi nyuma kidogo, kwa maana mtu asiye na mbio huumizwa na uwazi ulio nyuma yake. Tatu, aliambiwa asimrukie winga, bali amcheleweshe, akirudi hatua kwa hatua, mpaka kiungo wa kushoto afike kumsaidia, huku beki wa kati akisogea kuziba nyuma yao.

Mpango huo ulikuwa na gharama. Mshambuliaji wetu wa kushoto alilazimika kurudi nyuma mara kwa mara, na mabao yetu yakapungua. Alinung'unika, "Mwalimu, mimi si beki." Nikamjibu, "Mwanangu, mpira ukiwa kwa wenzetu, sisi sote ni mabeki." Tulishindwa mechi kadhaa msimu ule, lakini upande wa kushoto haukuwa tena njia kuu ya wapinzani, na kijana yule hakuacha mchezo.

Usidhani kuwa hekima hii ilizaliwa Busia. Katika miaka ya 1930, Karl Rappan, mwalimu wa kandanda aliyetoka Austria, alifanya kazi Uswisi, ambako wachezaji wengi hawakuishi kwa mpira tu, wala hawakuwa na nguvu kama za mataifa makubwa. Akamweka mlinzi mmoja nyuma ya wenzake, azibe kila mwanya. Mpango huo ukafananishwa na komeo la mlango. Katika Kombe la Dunia la 1938, mjini Paris, Uswisi iliishinda Ujerumani mabao 4 kwa 2.

Hata nyumbani tumeona mfano. Tarehe 10 Agosti 2025, katika uwanja wa Kasarani, Kenya ilipata bao moja dhidi ya Morocco katika mashindano ya CHAN; kisha, kabla ya mapumziko, mchezaji wake mmoja akatolewa kwa kadi nyekundu. Watu kumi waliobaki waligawana kazi ya yule wa kumi na moja kipindi kizima cha pili, na bao lile moja likatosha.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Walakini ufa wa timu hauzibwi kwa matusi. Huzibwa kwa miguu ya wale wanaosogea. Siku utakapomwona mwenzako akishindwa, uwanjani au darasani, usimwulize kwa nini hawezi. Jiulize wewe usimame wapi ili aweze.