Ukweli wa Saa 24: Je, Ucheshi wa Mwongo Wamfaa Mtoto?

Wahenga walinena kwamba njia ya mwongo ni fupi. Fletcher Reede, wakili wa jijini Los Angeles, aliirefusha njia hiyo hata ikampa jina, ofisi nzuri na matumaini ya kupandishwa cheo. Huyu ndiye mhusika mkuu wa Liar Liar, filamu ya ucheshi iliyoongozwa na Tom Shadyac na kutolewa nchini Marekani mwaka 1997, Jim Carrey akiwa mwigizaji wake mkuu. Mwanawe Fletcher, Max, anatimiza miaka mitano. Baba ameahidi kuhudhuria karamu, haji. Mtoto anapoizima mishumaa ya keki, anaomba kwamba kwa siku moja tu babake asiweze kusema uongo. Ombi linakubaliwa papo hapo. Kwa muda wa saa 24 ulimi wa wakili unamkataa, na hiyo ndiyo siku anayotakiwa kuitetea mahakamani kesi iliyojengwa juu ya uongo mtupu.

Ukisimuliwa hivi, msuko huu waonekana kana kwamba ulibuniwa kwa ajili ya watoto. Una umbo la ngano: ombi, muujiza, mateso na toba. Mzazi anayetafuta filamu ya kutazama na wanawe Jumamosi jioni, akiambiwa kwamba dhamira yake ni ukweli, hataona sababu ya kusitasita. Waainishaji wa Marekani walisita. Waliitia katika daraja la PG-13, daraja lililoanzishwa mwaka 1984 kuwatahadharisha wazazi kwamba baadhi ya yaliyomo huenda yasiwafae walio chini ya miaka 13. Kinaya chake ni kwamba Max mwenyewe, ambaye bila yeye hapana kisa, angehitaji kungoja miaka minane ili aitazame filamu yake pasipo tahadhari. Kwa mzazi wa Kenya, alama hiyo haitoshi kumwongoza. Madaraja yanayotumiwa na Bodi ya Uainishaji wa Filamu ya Kenya huruka kutoka PG hadi 16, hivi kwamba mtoto wa miaka 12 au 13 huachiwa busara ya waliomzaa.

Sababu za tahadhari hiyo ni bayana. Wakati Max anapoomba ombi lake, babake yuko na bosi wake wa kike katika hali ambayo mtoto hapaswi kuiona. Kuna mzaha wa lifti unaohusu maumbile ya mwanamke, kuna ushahidi wa uzinzi mahakamani, na kuna matusi ya hapa na pale. Mambo haya hayahitaji mjadala mrefu. Kiswahili kina hazina kubwa ya tafsida, na mzazi aliyelelewa ndani ya tafsida hizo atajua kwa kuona haya zake mwenyewe mahali pa kunyoosha mkono aizime runinga. Tatizo la filamu hii, hata hivyo, haliishii katika yale yanayoonwa haya. Mtu angeweza kuyakata yote hayo kwa mkasi, na swali la iwapo inamfaa mtoto likabaki pale pale.

Tuanze na lugha. Mapema katika filamu, mwalimu anawauliza watoto kazi za wazazi wao, na Max anajibu kwamba babake ni mwongo. Mwalimu anadhani amesikia vibaya, kwa kuwa katika Kiingereza neno la mwongo na lile la wakili hukaribiana mno kimatamshi. Mzaha huo haufasiriki. Mfasiri wa Kiswahili atapata maana na kupoteza kicheko, kwani wakili na mwongo hayafanani hata kwa silabi moja. Kisha, kicheko kikishapotea, hubaki sentensi kavu ya kutisha: mtoto amesimama mbele ya wenzake na kusema kwamba babake ni mwongo. Katika nyumba nyingi za Kenya, mtoto akimwambia mtu mzima kuwa amesema uongo, hukemewa kwanza kwa kukosa adabu, na uongo wenyewe huenda usichunguzwe kamwe. Filamu hii inampa mtoto haki ambayo malezi ya wengi humnyima. Huenda hiyo ndiyo sehemu yake yenye thamani kubwa kuliko zote, na ndiyo itakayomkera mzazi aliyeketi karibu.

Linalotatanisha zaidi ni namna ukweli wenyewe unavyosawiriwa. Fletcher akishafungwa na muujiza, kila ukweli unaomtoka ni kombora. Max anapomtajia mafunzo ya mwalimu wake kwamba uzuri halisi umo ndani ya mtu, baba anamjibu kwamba hayo ni maneno ya watu wenye sura mbaya. Akipelekwa mbele ya wakuu wa kampuni na kuulizwa anamwonaje mkubwa wao, anamwaga matusi juu yake, kisha juu ya kila aliyeketi mezani. Nao wanacheka, wakidhani ni utani uliotayarishwa. Hadhira nayo hucheka. Mtu mzima ajua kwamba anachekea kioja cha mtu aliyepoteza breki. Mtoto wa miaka sita yamkini ataondoka na somo jingine: kwamba kusema kweli ni kumwambia jirani kuwa ni mnene. Uwanja uliopo kati ya uongo na ufidhuli, ule uwanja ambao Kiswahili huuita staha, haumo kabisa katika saa hizo 24.

Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi, aliwachunguza watoto kuhusu jambo hili hili na kuchapisha matokeo yake mwaka 1932. Aliwapa visa viwili. Katika kimoja, mtoto anadai ameona mbwa mkubwa kama ng'ombe. Katika kingine, mtoto anamwambia mamake kwamba mwalimu amempa alama nzuri ilhali si kweli. Wadogo waliuona uongo wa mbwa kuwa mbaya zaidi, kwa kuwa hakuna mbwa wa kimo hicho duniani. Waliokua zaidi waliitazama nia, wakaona kwamba wa kwanza alitia chumvi tu na wa pili alikusudia kudanganya. Iwapo hivyo ndivyo, mtoto mdogo atakayeitazama Liar Liar ataushika uongo wa vioja, kama pale Fletcher anapopigana na mkono wake mwenyewe akijaribu kuandika kwamba kalamu ya bluu ni nyekundu. Ahadi iliyovunjwa, ambayo ndiyo chanzo cha kisa chote, itampita kando.

Pana atakayeuliza: je, watoto wa Afrika Mashariki hawakulelewa kwa hadithi za waongo? Sungura anamdanganya Fisi usiku kucha. Abunuwasi anamrudishia jirani sufuria na sufuria ndogo juu yake, akidai ya kwanza imezaa. Jirani anapokea kwa furaha, na siku anapoambiwa kwamba sufuria yake imekufa hana pa kushtakia. Hoja hii ina uzito. Lakini Abunuwasi hamdanganyi mwanawe. Uongo wake unaelekezwa kwa mwenye tamaa, na mtoto anayesikiliza yuko upande wake tangu mwanzo. Fletcher anamdanganya mtoto wa miaka mitano aliyekaa akingoja hodi mlangoni, na filamu, kwa sifa yake, haijaribu kuuficha uchungu huo chini ya vichekesho. Hapo imeizidi ngano.

Mahakamani ndipo hukumu inapokuwa ngumu zaidi. Mteja wa Fletcher, Samantha Cole, anadai talaka na mali, ilhali mkataba wa ndoa unamnyima kila kitu kwa sababu ya uzinzi wake. Wakili asiyeweza kusema uongo anagundua kwamba mwanamke huyo alidanganya umri wake alipoolewa: alikuwa hajafikisha miaka ya kutia saini, kwa hiyo mkataba ni batili. Anashinda kwa ukweli mtupu. Kisha mteja, akitafuta fedha zaidi, anataka kuwatwaa watoto kutoka kwa baba anayewapenda, na Fletcher anabaki akiutazama ushindi wake ukigeuka dhuluma. Anapiga kelele mbele ya hakimu hadi anatiwa ndani. Kwamba ukweli waweza kutumika kama panga, na kwamba sheria na haki si pacha, ni mambo ambayo kijana wa miaka 13 au 14 atayajadili mpaka usiku wa manane. Kwa umri huo, na pakiwapo mzee wa kumjibu, filamu inafaa. Kwa aliye chini ya miaka kumi haifai, hata kama atacheka kuliko wote sebuleni.

Huyo mzee wa kumjibu naye hana budi kujiandaa. Ni vigumu kumfafanulia mtoto ubaya wa Fletcher ikiwa asubuhi ile ile mtoto alitumwa mlangoni amwambie mwenye nyumba anayedai kodi kwamba baba hayupo, au alimsikia mama akisema katika simu kwamba yuko njiani anakaribia kufika, naye bado anatafuta viatu. Mtoto hukumbuka.

Limebaki jambo moja, nalo lawahusu hasa watoto ambao wazazi wao wametengana. Max anaishi na mamake, Audrey, ambaye ana mchumba mwema anayetaka kuwahamishia Boston. Fletcher anaifukuza ndege uwanjani, anaumia, anatubu, na Audrey anaamua kutohama. Mwaka mmoja baadaye Max anatimiza miaka sita. Mishumaa inazimwa, giza linaingia, na taa zinapowashwa wazazi wake wanabusiana. Filamu iliyohubiri ukweli kwa takriban saa moja na nusu inampa mtoto wa talaka tumaini ambalo mara nyingi maisha hayamtimizii: kwamba baba akitubu, nyumba itarudi kuwa moja. Baba anamuuliza Max iwapo hilo ndilo aliloliomba safari hii. Max anasema hapana. Aliomba viatu vya magurudumu.