Kilima cha Makerere na Wasichana Sita

Basi la usiku kutoka Nairobi hukufikisha Kampala asubuhi, macho mazito na miguu imevimba. Mpwa wangu na mimi tulikunywa chai Wandegeya, tukala chapati iliyoviringishiwa mayai ambayo wenyeji huiita roleksi, kisha tukapanda kilima cha Makerere kwa miguu. Msichana huyu alikuwa ameitwa kusomea uhandisi. Mimi nilikuwa mbeba sanduku.

Jambo la kwanza utakaloliona ni jengo kuu jeupe lenye mnara wa saa. Liliungua Septemba 2020, likajengwa upya na kufunguliwa tena mwaka 2024. Mgeni asiyejua hawezi kushuku kwamba moto ulipita hapo.

Makerere ilianza mwaka 1922 ikiwa shule ya ufundi yenye wanafunzi 14, wavulana watupu, wakifundishwa useremala, ujenzi na umakanika. Wito wa chuo ulikuwa "Tuwe Wanaume," na hakuna aliyeuona kuwa wa ajabu. Si kwamba wasichana hawakusoma kabisa. Shule ya Gayaza, kaskazini mwa Kampala, ilianzishwa mwaka 1905, lakini lengo lake la awali lilikuwa kuwaandaa mabinti wa machifu kuwa wake wema. Kwetu Kenya tusicheke, maana Alliance ya wavulana ilifunguliwa mwaka 1926, na dada yake ikangoja mpaka 1948.

Mwaka 1945 wasichana sita waliandikishwa Makerere. Julius Nyerere alikuwa akimalizia masomo yake hapo mwaka huo huo. Baada ya miaka 23 chuo kikalazimika kuutazama upya ule wito wake, kwa sababu wasichana sita hawangeweza kuambiwa kila asubuhi wawe wanaume. Mpya ukawa "Tunajenga kwa Ajili ya Siku Zijazo," na ndio uliopo hadi leo.

Lakini kubadili maneno ni rahisi kuliko kubadili watu. Mmoja wa wanafunzi wa kwanza alikuwa Sarah Nyendwoha, binti wa Bunyoro, ambaye baadaye alijulikana kama Sarah Ntiro. Alitaka kusoma hisabati. Alivyosimulia mwenyewe miaka mingi baadaye, mwalimu wa somo hilo hakukubali kufundisha darasa lenye mwanamke, na yeye akaishia kusoma masomo mengine.

"Mjomba, na wale wavulana darasani walinyamaza tu?" mpwa wangu akauliza.

Sikuwa na jibu. Nadhani walinyamaza. Hata mimi, kama ningekuwa na miaka ishirini na mwalimu ni Mzungu wa enzi hizo, sina hakika kama ningefungua kinywa.

Hata hivyo, mama huyo hakuwa mtu wa kukaa kimya. Mwaka 1951 alikwenda Oxford, na alipohitimu historia mwaka 1954 akawa mwanamke wa kwanza kutoka Afrika Mashariki na ya Kati kupata shahada katika chuo kile. Aliporudi Uganda kufundisha, aligundua kwamba mshahara wa mwalimu wa kike ulikuwa mdogo kuliko wa mwanamume mwenye elimu ile ile. Akaukataa. Akasema ni heri afundishe bure kuliko kupokea pesa za kumdharau, na suala hilo likawafikia wakubwa wa serikali. Alifariki mwaka 2018.

Tukiwa bado na sanduku letu, tulitembea mpaka Mary Stuart, bweni refu la wasichana ambalo wanafunzi huliita Box. Limepewa jina la mke wa Askofu Cyril Stuart, mama aliyewapigania wasichana wapate nafasi chuoni. Lina urafiki wa jadi na bweni la wavulana la Lumumba, na wakiungana huitwa Lumbox. Mpwa wangu alilipenda jina hilo kuliko historia yote niliyokuwa nimempa tangu asubuhi.

Wakenya nao walipita hapa. Rebeka Njau, mwandishi na mwalimu, alitoka Alliance akaja Makerere katika miaka ya 1950, na mchezo wake wa kuigiza kuhusu ukeketaji ulichapishwa mwaka 1963. Wakati huo kwa msichana wa Kenya safari ya kwenda chuoni ilikuwa ya treni, na wazazi wengi waliona ni mbali mno kumpeleka binti. Wengine bado wanaona hivyo. Dada yangu alilia stendi ya basi kama mtu anayezika.

Foleni ya uandikishaji ilikuwa ndefu. Mpwa wangu aliniachia sanduku, akaenda kusimama nyuma ya vijana wawili waliokuwa wakibishana kuhusu mpira. Mimi nikatafuta kivuli.