Mkono wa gauni

Jumatatu, 3 Novemba
Mvua toka asubuhi. Bulengera yote matope. Nimemaliza mkono wa kushoto wa gauni la mchezo wetu: taa 24, nyekundu na buluu, rezista moja kwa zote. Nikawasha. Nyekundu zikawaka, buluu kimya. Nimeziunguza? Usingizi hauji.

Jumanne, 4 Novemba
Hazijaungua! Fundi wa simu kanifungua macho: "Mama, nyekundu inashiba kwa volti 2 hivi, buluu inataka kama 3. Ukizilisha sahani moja, nyekundu inamaliza. Kila taa uipe rezista yake." Basi ni rezista 24. Tumezichomoa kwenye redio zilizokufa, ndogo kama punje za mchele. Macho yanawasha, moyo mweupe.

Ijumaa, 7 Novemba
Mazoezi mabaya. Binti anayeigiza na gauni akakunja kiwiko, waya ukakatika, nusu ya mkono giza. Nikaunga. Ukakatika tena. Mara ya tatu akawa anacheza mkono umemkauka, anauchunga waya. Hilo limeniuma kuliko waya wenyewe.
Nimekumbuka picha ya msanii Atsuko Tanaka wa Japani, 1956, ndani ya gauni lake la globu kama 200. Uso tu na viganja, mwili umemezwa. Inanivutia, inanitisha. Na lile vazi la kundi la wasanii Kongo Astronauts kule Kinshasa, la takataka za elektroniki: pale uzito unasema, unasimulia madini yetu. Lakini mtoto wa mchezo wetu anakimbia usiku kumtafuta mama yake. Lazima akimbie.

Jumapili, 9 Novemba
Nimefumua yote. Waya mpya, laini, wa nyuzi nyingi. Nimeushona kwa kupindapinda, na kwenye kiwiko nimeuacha ulegee. Betri nimeitoa kiunoni, sasa iko juu mgongoni, pale mtoto anapobebwa kwa kitenge. Betri moja iliyovimba nimeikataa kabisa. Mgongo wa mtoto wa watu!

Jumamosi, 15 Novemba
Onyesho. Binti amekimbia. Ameanguka magoti, ameviringika, ameinuka. Zote 24 zinawaka!
Bibi mmoja wa benchi la mbele akanyoosha mkono: "Haiunguzi, mwanangu?" Binti hakutoka kwenye mchezo. Akapiga magoti, akampa mkono wake wenye taa. Bibi akaushika, hakutaka kuuachia. Ukumbi mzima kimya. Hatukuwa tumepanga hivyo. Nimelia nyuma ya pazia.
Baadaye, wakati wa kumvua: "Yaya, kumbe betri ilikuwa mgongoni?" Alikuwa ameisahau. Nimemkumbatia.

Jumapili, 16 Novemba
Natoa waya kabla ya kufua. Kwapani shaba imeanza kuota kijani. Ni jasho la mazoezi. Viungo vyote vipakwe rangi ya kucha, tabaka mbili, vikauke vizuri kabla ya onyesho la tarehe 22.