Nilipokaribia Kuwa Mlanguzi



Ndugu wasomaji, tangu siku za korona, kila tunapokutana baada ya sala ya Ijumaa, au kwenye arusi na hitima zetu hapa Uingereza, mazungumzo hayachelewi kufika kwenye magari. Huyu alisubiri gari jipya mwaka mzima, yule alinunua la mtumba kwa bei iliyomkosesha usingizi. Mimi nami nina kisa changu katika jambo hili. Kwa muda mrefu niliona haya kukisimulia. Leo nakiandika kwa sababu naamini kina faida kwa wengine.

Nilipostaafu ualimu mwaka 2021, nilitenga sehemu ya kiinua mgongo changu ninunue gari jipya, la kwanza katika maisha yangu. Niliweka oda mwezi wa Septemba, nikaahidiwa kwamba litafika kabla ya mwaka kwisha. Desemba ikaja ikapita. Ramadhani ikaingia, tukafunga na tukafungua, Idi mbili zikapita. Gari likafika Agosti 2022. Kila nilipopiga simu nilijibiwa kwa adabu nyingi kwamba hakuna chipu.

Chipu ni vile vidude vidogo vya kielektroniki vinavyoongoza injini, breki na hata vioo vya gari la siku hizi. Korona ilipofunga viwanda mwaka 2020, watengenezaji wa magari walifuta oda zao za chipu wakidhani wateja hawatarudi upesi. Chipu zikaenda kwenye kompyuta na simu, maana watu walikuwa wakisoma na kufanya kazi majumbani. Wateja wa magari waliporudi, wenye magari wakajikuta mwisho wa foleni. Machi 2021 kiwanda cha chipu cha Renesas huko Naka, Japani, kikashika moto. Mwezi huohuo meli ya Ever Given ikaziba Mfereji wa Suez kwa siku sita. Februari 2022 Urusi ikaivamia Ukraine, nchi ambayo viwanda vyake vilikuwa vikiunganisha nyaya za magari mengi ya Ulaya.

Mwalimu wa hesabu haachi kuhesabu. Mwaka 2019 Uingereza iliandikisha magari mapya yapatayo milioni 2.31. Mwaka 2020 yakawa milioni 1.63, mwaka 2021 milioni 1.65, na mwaka 2022 milioni 1.61. Ukilinganisha na kiwango cha 2019, katika miaka hiyo mitatu yalikosekana magari kama milioni mbili. Gari ambalo halikuuzwa jipya mwaka 2021 halikuweza kuwa gari la mtumba la miaka minne mwaka 2025. Ndiyo maana foleni ya magari mapya ilipopungua, pengo lake liliendelea kuonekana kwenye mitumba. Na aliyeumia zaidi ni yule asiyetaka mkopo wa riba, anayenunua kwa fedha taslimu alizozikusanya kidogo kidogo. Kila alipokaribia bei, bei ilimkimbia.

Sasa nirudi kwenye kisa changu. Gari langu la zamani nililinunua mwaka 2017 kwa pauni 7,000, likiwa limetumika miaka mitatu. Kwa desturi ya magari, baada ya miaka mitano mingine lingekuwa limepoteza zaidi ya nusu ya thamani. Lakini Agosti ile ya 2022 mfanyabiashara mmoja aliniambia yuko tayari kunipa pauni 6,800. Nilifurahi kama mtoto. Miaka mitano ya kupanda gari kwa pauni 200 tu!

Jioni ya siku ya pili akaja kijana mmoja wa jamaa zetu, baba wa watoto watatu. Kazi yake ni kuwahudumia wazee majumbani mwao, na asiye na gari hapati zamu. Gari lake lilikuwa limekufa mwezi wa Julai. Alikuwa na pauni 3,000, na mkopo wa riba hakuutaka.

“Shikamoo, mwalimu. Nimesikia unauza gari.”

“Marahaba, mwanangu. Nauza. Pauni 6,800.”

Alinyamaza. Kisha akasema, “Haya, mwalimu. Nitajaribu kutafuta,” akanywa chai yake, akaaga.

Sikumwambia neno moja: klachi ilikuwa imeanza kuteleza. Nilijua tangu mwezi wa Juni, wala yule mfanyabiashara sikuwa nimemwambia.

Mke wangu alikuwa akisikiliza. Alipokuja kuondoa vikombe aliuliza tu, “Mwalimu, na ile klachi?” Sikumjibu.

Usiku ule nilikumbuka Tanga ya mwaka 1983. Nilikuwa mwalimu kijana, nimetoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam karibuni. Sukari, sabuni na khanga vilikuwa vya kutafutwa kwa tochi, na mwaka ule Waziri Mkuu Edward Sokoine aliongoza msako wa walanguzi na wahujumu uchumi. Nilisimama mbele ya wanafunzi wangu nikawaeleza, kwa sauti ya mtu asiye na doa, kwamba mlanguzi ni yule anayeigeuza shida ya jirani kuwa faida yake. Ilikuwa rahisi kusema. Sikuwa na kitu cha kuuza.

Nisieleweke vibaya. Kuuza kwa bei ya soko si haramu, na dini yetu haikukataza faida. Lakini kuficha aibu ya bidhaa ni jambo jingine. Sote tunakijua kisa cha muuza nafaka ambaye Mtume (S.A.W.) alitia mkono katika chungu yake, akaikuta imelowa ndani ilhali juu ni kavu. Mimi nilikuwa nimekausha juu ya chungu yangu.

Hata hivyo nafsi ni nzito. Zilipita siku tisa kabla sijanyanyua simu. Nilitengeneza klachi kwa gharama yangu, nikamwita yule kijana, nikamweleza yote. Nikamwambia bei ni pauni 5,000: alipe 3,000, na 2,000 zilizobaki azilipe kwa miezi kumi, pauni 200 kila mwezi, bila nyongeza. Tuliandika mapatano mbele ya mashahidi wawili, kama tunavyofundishwa katika aya ya deni ya Suratul Baqara.

Alishukuru sana. Kisha akaniuliza kwa upole, “Mwalimu, mbona hukuniambia siku ile?”

Katika zile siku tisa mwajiri wake alikuwa amempa mtu mwingine zamu zake za jioni. Ilimchukua miezi mitatu kuzirudisha. Nilimsamehe malipo ya miezi mitatu ya mwisho, lakini swali lake sikuweza kulilipa.

Ndugu zangu, tumezoea kumuonea huruma mnunuzi wakati wa uhaba, na ni haki. Lakini uhaba humtahini muuzaji zaidi, kwa kuwa mnunuzi hupungukiwa fedha, na muuzaji huweza kupungukiwa amana bila hata kujua. Basi mwenye gari la kuuza aseme aibu zake kabla ya kusema bei. Mwenye uwezo ampe mwenzake nafasi ya kulipa polepole. Na tunaocheza upatu, raundi moja tuiweke kwa ajili ya yule ambaye gari ndilo jembe lake.

Na mwenye kuona haya kupiga simu asingoje siku tisa.

Wabillahi tawfiq.