Subira ya Makanyagio, Subira ya Birmingham

Mpanda ni mwisho wa reli. Tawi la kutoka Kaliua, kilomita 210, lilijengwa enzi za Mwingereza kwa ajili ya mgodi wa madini ya risasi. Mgodi ulifungwa, treni ikaendelea kuleta watu. Aliyekulia Makanyagio, kata yetu mjini Mpanda, anajua kwamba mgeni anayetoka Tabora hafiki saa aliyoahidi. Anafika treni ikifika. Ikiwa ni usiku wa manane, mama anaamka, anawasha mkaa, anasonga ugali, na watoto wanahamia mkekani ili mgeni apate kitanda. Mara nyingi yote hayo yalifanyika kwa mwanga wa kibatari, kwa kuwa miaka mingi mji wetu uliishi kwa majenereta ya dizeli, mbali na gridi ya taifa.

Huku Birmingham, Uingereza, ninakoishi sasa, wageni hawaji bila taarifa. Kinachokuja bila taarifa ni mtoto kuamka na homa saa kumi na moja alfajiri, siku ambayo mimi na mume wangu sote tuna zamu kazini. Ni shule kutangaza kwamba imefungwa kwa theluji. Januari boila iliharibika, nyumba ikawa baridi kama nje, na fundi akapangiwa kuja baada ya siku kadhaa. Nilipompigia mama simu na kumweleza, alinipa pole, kisha akauliza: "Sasa watoto wameoga kwa nani?"

Sikuwa na jibu. Akilini mwake hakuna nyumba inayoharibikiwa peke yake. Maji yakikatika Makanyagio, unatuma ndoo kwa jirani mwenye kisima, na huyo jirani kesho atatuma mtoto wake kuomba chumvi.

Nyumbani wapo wanaosema imani hupoa ughaibuni kwa sababu ya raha. Sikubaliani nao. Nimeona watu wakisali huku kwa machozi ambayo sikuyaona Mpanda. Kinachopungua ni mabega ya kubebea. Mwaka 1976 maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki (AMECEA) walizipa kipaumbele Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, na matunda yake nimeyala tangu utotoni: sala inazunguka nyumba kwa nyumba, inaingia kwako ulivyo, vyombo havijaoshwa, mtoto analia, kuku wanapita katikati ya masomo. Subira yetu ilikuwa ya watu wengi. Kwenye ndege nilipanda na fungu langu tu.

Siku zile za baridi nilisoma tena Marko sura ya 5. Nimesikia mahubiri mengi juu ya yule mwanamke aliyegusa vazi la Yesu. Safari hii niliyemtazama ni Yairo. Binti yake yu mahututi, Bwana amekubali kwenda naye nyumbani, halafu msafara unasimama kwa ajili ya mtu mwingine. Marko hatuambii kama Yairo alinung'unika. Alisimama pale, dakika zikipita, mpaka watu wakaja kumwambia kwamba binti amekwisha kufa. Na Yesu hakugeuka, aliendelea kwenda. Mimi nimeshikilia hapo: kukatizwa hakukumwondoa Yairo katika njia ya Bwana.

Mkoa wetu wenyewe wa Katavi una mtu wa kutufundisha. Adrian Atiman alitekwa utumwani akiwa mtoto, katika nchi ambayo leo ni Mali. Akakombolewa na Wamisionari wa Afrika huko Algeria, akasomea utabibu Malta, akafika Karema, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, mwishoni mwa miaka ya 1880. Hapo alitibu watu na kufundisha dini hadi alipofariki mwaka 1956. Mlango wa tabibu hauna saa za kufunga. Nikichoka na ugeni namfikiria huyu, ambaye ugeni hakuuchagua, akawatumikia watu wa Katavi zaidi ya miaka 60.

Lakini sitaipamba subira ya nyumbani. Aliyeamka usiku kumpikia mgeni wa treni alikuwa mama yuleyule kila mara. Baba alikaa na mgeni wakiongea. Tuliita uvumilivu wa familia jambo lililobebwa na mgongo mmoja, na kanisani tulimsifu mama kwa hilo badala ya kumsaidia. Birmingham imenipa kitu ambacho Mpanda haikunipa: mume wangu anaogesha watoto, anapika, anafua, na hakuna anayemcheka.

Sasa tumeanzisha jumuiya yetu ya Kiswahili. Kuna Wakenya, kuna Watanzania, na familia moja imetoka Moba, Kongo, ng'ambo ya ziwa kutoka Karema. Juzi mama wa familia hiyo aliitwa kazini katikati ya rozari. Tulimfungia chakula, watoto wake wakalala kwetu, tukaendelea na fumbo lililofuata. Tena tumekubaliana kwamba siku ya jumuiya wanaume ndio wanaopika. Hilo nyumbani sijaliona bado. Likizo ijayo nitalisema waziwazi mbele ya kaka zangu, mama akiwa amekaa.