Mgeni wa safu ya tatu



Ramadhani iliyopita, baada ya swala ya Magharibi, tulimkuta msikitini kwetu, hapa Dar es Salaam, kijana wa Kichina akimalizia sunna katika safu ya tatu. Alikuwa mmoja wa mafundi wa barabara inayojengwa jirani. Watoto wa madrasa walisimama mlangoni wakichekeana, na mmoja wao akasema kwa sauti, "Mchina naye anasali!" Mtoto huyo alikuwa wa kwetu.

Lau aibu ingeishia kwa watoto, leo tungeandika juu ya adabu za msikitini tu. Lakini sisi, tulio katibu wa kamati na tuliopita chuo cha Kiislamu, tulimkaribisha mgeni yule tende na uji, kisha tukamuuliza, "Ndugu yetu, ulisilimu lini?" Akatutazama kidogo, akatabasamu, akajibu kwa Kiswahili cha kuokoteza: "Babu. Babu ya babu." Akamaliza uji wake, akashukuru, akaenda zake.

Usiku ule hatukulala mapema. Aya ya 13 ya Surat al-Hujurat tulikuwa tumeihifadhi tangu utotoni, na mara nyingi tumewafundisha wengine kwamba Mwenyezi Mungu amejaalia mataifa na makabila ili watu wajuane. Je, ni nani tuliyemjua? Mtoto alirithi ujinga ule kwetu, nasi tulikuwa na kisomo cha kuufunika.

Baada ya Tarawehe tulikaa mkekani, sisi, mama watoto na watoto wetu watatu, tukafungua Google Earth katika simu. Tulianzia juu ya paa la msikiti wetu, tukaenda kaskazini. Tukapita Kenya, tukapita Ethiopia, tukavuka Bahari ya Shamu, na baada ya takriban kilomita 3,100 tukafika Makka. Hapo ndipo mwanetu alipoelewa kwa nini sisi huelekea kaskazini tunaposali. Tukamuuliza, "Na aliyeko China ataelekea wapi?" Akazungusha dunia kwa kidole, akanyamaza kidogo, akasema, "Magharibi." Na wa Morocco? "Mashariki." Akatulia, kisha akauliza jambo ambalo hatukulitarajia: "Kumbe yule Mchina kwao anasali anatutazama huku?" Tulimwambia kwamba haitutazami sisi, bali sote tunaitazama nyumba moja.

Kisha tukatafuta picha za Msikiti Mkuu wa Xi'an, ambao majengo yake huhesabiwa tangu mwaka 1392, zama za watawala wa Ming. Hauna kuba. Una nyua zinazofuatana, mapaa yaliyopinda pembeni na nguzo za mbao. Watoto walidhani tumekosea ukurasa, hadi walipoona maandishi ya Kiarabu. Tukasoma kwamba Wahui, Waislamu wa China, ni zaidi ya milioni 10, na kwamba tambi za kuvutwa kwa mkono za mji wa Lanzhou ni mapishi yao mashuhuri. Tukasoma pia habari za Zheng He, amiri wa majini aliyezaliwa katika familia ya Kiislamu huko Yunnan, ambaye baina ya mwaka 1405 na 1433 aliongoza safari saba, na merikebu zake zikafika hadi pwani yetu, Malindi. Mgeni wetu hakuwa wa kwanza kuja.

Tulipolipeleka shauri hili katika kamati, mzee wetu mmoja alisema, "Katibu, simu ndiyo inayowapoteza watoto hawa, nawe wataka kuiingiza madrasa?" Neno lake lilikuwa na uzito, wala hatukulipinga. Tulikubaliana kwamba mwalimu apakue picha na ramani mapema nyumbani, azionyeshe kwa kompyuta moja iliyokatwa intaneti, na mtoto yeyote asishike simu. Bando la siku moja hutosha masomo ya mwezi.

Tangu hapo, kila Jumamosi baada ya Alasiri watoto husafiri. Wameuona msikiti wa udongo wa Djenné, nchini Mali, uliojengwa upya mwaka 1907, ambao wenyeji huukandika tope upya kila mwaka kwa mikono yao. Wameijua Indonesia, yenye Waislamu zaidi ya milioni 200. Wameitazama ramani ya al-Idrisi ya mwaka 1154, ambayo kusini iko juu, wakajifunza kwamba mchora ramani huchagua mahali anaposimama. Wamerudi pia nyumbani, Kilwa, aliyoizuru Ibn Battuta mwaka 1331. Na kwa kuwa aya ile imewaita watu wote, husoma pia habari za wasiokuwa Waislamu, bila dhihaka.

Wazazi wenzetu, intaneti si mwalimu. Picha moja ya msikiti tuliikuta imetajwa kuwa ya nchi mbili tofauti. Kwa hiyo kila habari tunaitafuta mahali pawili kabla ya kuiandika daftarini. Keti na mwanao, anzia mtaani kwenu, muulize: watu hawa wanakula nini, wanajenga kwa nini, kibla chao kiko wapi, nasi tumekutana nao lini? Nusu saa kwa wiki yatosha.

Yule kijana hatukumwona tena. Barabara ilikamilika, nao mafundi wakahamia mkoa mwingine. Jina lake hatukuwahi hata kuliuliza, kwa kuwa tulitangulia kumuuliza lini alisilimu. Deni hilo linatukaa moyoni. Mwanetu sasa hukaa karibu na mlango, na akiingia mtu asiyemjua humtolea salamu kwanza. Nasi tunamfuata yeye.

Mwenyezi Mungu atusamehe, na amhifadhi ndugu yetu yule popote alipo. Wabillahi tawfiq.